Kanisa Lililopinduliwa

"Nakuuliza tena, madam: mtu anafungwa aje kwa sababu ya karatasi hakuna mtu hapa anaweza kusoma?"

Virginia alikuwa ameipiga meza ya Inspekta Linah Kageha kwa kiganja hata kopo la kalamu likalala ubavu.

"Mama Githinji, ukivunja hiyo meza nitakuweka ndani na mzee wako."

"Niweke! Angalau nitajua kama amekula."

"Amekula. Ugali na sukuma. Nilimpelekea mimi mwenyewe."

"Kinuthia hali sukuma ya jana."

"Basi Kinuthia alale njaa. Kaa chini."

Virginia hakukaa. Alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye leso ya kanisani kichwani, na hasira zake zilikuwa zimemletea jasho juu ya mdomo. Mumewe, Mzee Kinuthia, mwenye duka la agroveti, la mbegu na dawa za shamba, kule Burnt Forest, alikuwa kwenye seli mwisho wa ukumbi. Wakulima wa upande wa Ainabkoi walinunua kwake dawa ya ukungu ya viazi. Walinyunyiza. Baada ya siku chache viazi viligeuka manjano, kisha vikakauka mashamba mazima kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Maabara ilikuwa imeshasema: ndani ya vidumu vile hamkuwa na dawa ya ukungu hata tone. Ilikuwa dawa ya kuua magugu.

"Hao watu wanakutana jioni sokoni," Virginia alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Na wewe unajua Burnt Forest. Zile siku za vita vya baada ya kura nilikimbia na Githinji mgongoni, duka likabaki majivu. Nikarudi. Tukajenga tena. Jirani yangu wa kwanza kuniletea maziwa alikuwa Mkalenjin, na mpaka leo ananunua kwetu. Leo hata yeye akiniona anaangalia chini. Sitakimbia mara ya pili, madam. Si kwa sababu ya kidumu."

Linah alisimamisha lile kopo la kalamu.

Mlango ulifunguliwa. Mkuu wake, Kiprono, aliingia akiwa ameshika roli la stika za Kiswahili ndani ya mfuko wa nailoni.

"Inspekta, hii ilitoka nyuma ya kaunta ya Kinuthia. Ndizo zilizobandikwa kwa vidumu. Unangoja nini tena? Malaika ashuke?"

"Nangoja kujua nani alizibandika, afande."

"Roli ni lake!"

"Mzee anasema alipewa na stoo ya jumla anakonunua, pamoja na mzigo. Zile zikinyeshewa njiani zikitoka, abandike nyingine."

"Na meneja wa stoo anasema hajui chochote kuhusu stika. Mizigo inatoka China, anapokea, anatuma. Kichina chenyewe hajui hata herufi moja." Kiprono aliweka mfuko mezani. "Jioni nitasimama mbele ya wakulima. Nitawaambia tumemshtaki Kinuthia, ama nitawaambia tuna mtu mwingine. Siwezi kuwaambia eti tunafikiria."

Linah aliinuka, akachukua vidumu vitatu vya ushahidi, viwili vya mashambani na kimoja kilichobaki dukani, kutoka kabatini na kuvitia kwenye katoni.

"Unaenda wapi?"

"Shule," alisema.

*

Mwalimu Tabby Wangeci alifundisha Kichina sebuleni kwake, mtaa wa West Indies. Wanafunzi wake walikuwa wafanyabiashara wa kwenda kuchukua mali Guangzhou na vijana wa kutafuta skolashipu. Yeye mwenyewe aliisomea lugha hiyo kaskazini mwa China, katika mji ambao, alisema, nguo ulizoanika usiku ulizikuta asubuhi zimeganda kwa barafu, zimesimama wima kama watu. Alipokwenda hakujua neno. Aliporudi alikuwa akisoma magazeti.

Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa kimebandikwa jina lake la Kichina kwa wino mweusi: mlango, kioo, friji, hata sufuria ya uji. Linah alisimama katikati ya sebule akizunguka polepole. Alikuwa amewahi kuona maandishi hayo kwenye maboksi na matairi, na siku zote aliyaona kama matawi makavu yaliyomwagwa chini. Hapa yalikuwa yamesimama sawasawa kila moja mahali pake, kama watoto waliopangwa gwaride.

Aliweka vidumu vitatu mezani. Stika za Kiswahili zilikuwa zimeshapigwa picha na kubanduliwa kwa mvuke wa birika, na mahali pa kila stika palikuwa pamechorwa mstari mwekundu.

"Hapa panasema..." Tabby alianza.

"Usiniambie!" Linah aliinua mkono. "Nifundishe. Wakili ataniuliza kama niliona mwenyewe ama niliambiwa. Nataka nijibu kwamba niliona."

Tabby alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Madam, mimi ilinichukua miaka."

"Mimi nina mpaka mchana. Sitaki lugha yote. Nipe maneno mawili."

Tabby alikata kadi za mraba, akachovya brashi. Alichora mstari mmoja wa kulala na vijiti viwili vifupi vikiukata.

"Hii inakaa juu. Ukiiona juu ya neno, jua tuko shambani. Ni majani, vitu vinavyoota. Usiikariri kama mchoro, iandike. Mkono hujifunza haraka kuliko jicho."

Linah aliandika. Chini ya majani Tabby alimpa kisanduku chenye mstari katikati.

"Jua. Anza ukuta wa kushoto. Sasa dari na ukuta wa kulia kwa mkono mmoja, usiinue. Mstari wa kati. Halafu ndiyo ufunge chini."

"Nikianza na chini je?"

"Itasomeka. Lakini aliyefundishwa ataona kwamba hukufundishwa, kama vile wewe unavyoona mtu aliyevaa kofia ya polisi na si polisi."

Linah alicheka kwa pua. Chini ya jua akaweka msalaba, mstari wa kulala kwanza, kisha ule mrefu wa kusimama.

"Jua na huo msalaba, pamoja, ni asubuhi na mapema," Tabby alisema. "Weka majani juu. Asubuhi na mapema mkulima anaamkia nini shambani?"

"Magugu."

"Umesoma."

草. Linah aliiangalia kadi. Kitu kilikuwa kimefunguka kichwani mwake kama kufuli. Alivuta kidumu cha kwanza, akapitisha kidole juu ya maandishi, mstari kwa mstari, kwa subira ambayo watoto wake hawangeiamini, hadi akalipata: dogo, pembeni, limekaa kati ya mengine mawili. Magugu. Akalipata kwenye cha pili. Akavuta cha tatu, akaona majani juu ya neno, akapiga meza.

"Na hiki pia!"

"Angalia chini ya majani," Tabby alisema kwa upole.

Linah aliangalia. Hapakuwa na jua wala msalaba. Palikuwa na sanduku kubwa lililofungwa pande zote, na ndani yake mmea wenye kichwa kilichoinama.

"Hilo sanduku ni ghala," Tabby alisema. "Ndani ni nafaka. Wewe ni mtu wa Uasin Gishu, umeona mahindi. Ukifungia nafaka ghalani na unyevu, inaota nini?"

"Ukungu," Linah alisema polepole. "Hii ndiyo dawa ya ukungu yenyewe."

"菌. Wanafunzi wangu wote huanguka hapo. Wanaona majani juu, wanakimbia. Kusoma ni kuvumilia mpaka chini."

Linah aliandika neno la ghala mara kadhaa, akiweka nafaka ndani kwanza kisha akifunga mlango, kama alivyoelekezwa. Alijiambia kwamba watu walioketi na kutengeneza maandishi haya walikuwa wakulima, au walikuwa wamewaangalia wakulima kwa macho mazuri sana. Kisha akarudi kazini. Alivipanga vile vidumu mbele ya dirisha na kuvikagua kimoja kimoja.

Kidumu kizuri, kile cha ghala, kilikuwa kimebandikwa stika katikati ya tumbo, mahali pana na safi, kama mtu yeyote angefanya. Neno lake lilikuwa wazi kabisa. Vile vibaya havikufanana. Kimoja kilikuwa cha duara, na neno la magugu liliandikwa kwa kuteremka, chini ya mpini. Kingine kilikuwa bapa, na neno lilikuwa limelala karibu na kona, chini kabisa. Kwenye vyote viwili palikuwa na nafasi tele tumboni. Bado stika ya kwanza ilikuwa imesimamishwa wima chini ya mpini, na ya pili ilikuwa imekunjwa kwenye kona, nusu huku, nusu kule.

"Mwalimu, wewe una watoto?"

"Sina."

"Mimi ninao. Nimebandika majina kwa masanduku ya shule mpaka nikachoka. Hakuna mtu anabandika karatasi kwenye kona wakati kuna mahali tambarare. Itatoka." Alikigeuza kidumu. "Hapa kuna maneno mangapi ya Kichina? Yamejaa kama siafu. Na hili neno ni dogo. Lakini stika imelipata kila mara, liwe limesimama, liwe limelala. Ile dawa nzuri haikuwa na cha kuficha, ikabandikwa ovyo."

Tabby aliweka brashi chini. "Aliyebandika anasoma."

"Aliyebandika anasoma," Linah alisema. "Na Kinuthia anasoma Biblia ya Kikuyu na bei ya mbolea."

"Utaonyeshaje kwamba mtu hajui kusoma? Mtu anaweza kujifanya."

Tabby alikuwa akisogeza kadi kumwelekea ili aichukue, na kadi ilikuja imegeuka, juu chini. Linah alikunja uso.

"Hili sasa ni lipi? Hili kanisa?"

Tabby alicheka mpaka akashika kifua. "Ni lile lile! Magugu, limepinduliwa. Kila mwanafunzi mpya huniambia kanisa. Msalaba juu ya paa, nyumba, ua chini. Halafu akishalijua, kanisa linapotea. Mimi nimejaribu kuliona tena. Siwezi. Jicho langu linaligeuza kabla sijataka."

Linah aligeuza kadi, akaigeuza tena. Tayari kanisa lilikuwa linafifia.

"Mwalimu," alisema, "niandikie kadi nyingine mbili. Ziwe mraba, na usiweke alama yoyote ya juu wala chini."

*

Kituoni alimpa Virginia kadi imelala ubavu. Mama yule aliigeuza msalaba ukakaa juu. "Kanisa. Kwani umeokoka, madam?"

Kiprono aliigeuza vivyo hivyo. "Kanisa gani hili? Mbona limechorwa na mtoto?"

Mzee Kinuthia aliipokea kupitia vyuma vya seli kwa mikono miwili. Alikuwa mrefu, mkimya, na koti lake lilikuwa bado limefungwa vifungo vyote. Aliigeuza msalaba juu, akaisogeza kwenye mwanga.

"Kanisa," alisema. "Na huu ni ua. Naweza kukaa nalo, madam? Leo nalihitaji."

"Kaa nalo, Mzee."

Linah alichukua kibali cha korti cha kupekua, akamwita Konstebo Joy awashe gari.

*

Stoo ilikuwa upande wa viwanda, ukumbi mrefu wa mabati unaonuka dawa hadi machoni. Meneja, Bethwel Murunga, aliwapokea kwa kicheko kipana. Shati lilipigwa pasi vizuri, kalamu mbili mfukoni.

"Inspekta Kageha! Mtu wa nyumbani. Mtakunywa chai?"

"Nitakunywa kwangu. Bwana Murunga, ulisema hapa kuna dawa gani za kutoka China?"

"Ya ukungu pekee. Msimu wa mvua huu, nani anataka nyingine?"

"Ya magugu?"

"Hatujawahi kuleta. Sasa kama kiwandani walikosea, ama kama mzee alichezea lebo kwake, mimi nitajuaje? Hicho Kichina kwangu ni kama nyayo za kuku."

"Hujui hata neno moja?"

"Hata moja, dada yangu. Naapa."

"Nisaidie tu na kitu kidogo. Kila mtu kituoni ameangalia hii." Linah alimpa kadi, imelala ubavu. "Unaona nini?"

Murunga aliipokea akiwa bado anacheka. Vidole vyake viliigeuza, mara moja, bila kusita. Majani yalikwenda juu. Msalaba ulikwenda chini.

"Naona... sijui. Mistari."

"Huoni kanisa?"

"Kanisa?" Aliiangalia tena, na Linah alimwona akilitafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake. "Kanisa liko wapi?"

"Mama Githinji aliliona. Mkuu wangu aliliona. Hata mimi asubuhi niliona. Konstebo?"

Joy alichungulia, akainamisha kichwa upande. "Hapo limepinduliwa, madam. Msalaba uko chini."

Kicheko cha Murunga kilikuwa kimekwisha, lakini kinywa kilikuwa hakijapata habari. "Nimegeuza tu. Mtu hawezi kugeuza karatasi?"

"Anaweza. Wakili wako atasema hivyo, na atasema vizuri. Fungua stoo."

Ndani, vidumu vilikuwa vimepangwa juu ya mbao, safu kwa safu, vyote vya rangi moja. Vile vya mbele vilikuwa na stika katikati ya tumbo. Vya nyuma havikuwa na stika.

"Vyote ni vya ukungu," Murunga alisema nyuma yake. "Hata kama ungekuwa na Mchina hapa, angekwambia hivyo."

Linah hakumjibu. Alipita polepole kwenye safu, kidole kikitembea juu ya lebo, na kila alipoona majani alijikataza kukimbia. Akaangalia chini ya majani. Ghala. Akaenda cha pili. Ghala, nafaka ndani, mlango umefungwa. Safu nzima ilikuwa ghala. Safu ya pili, ghala. Kwenye safu ya ukutani, mahali taa haikufika, aliinama, akawasha tochi ya simu. Majani. Chini yake jua. Chini ya jua, msalaba.

Alishangaa kuona machozi yanamtoka, na akaisingizia dawa.

"Magugu," alisema kwa sauti. Akaonyesha kidumu kilichofuata. "Magugu. Hiki pia magugu. Joy, piga picha. Na hiki hapa kimebandikwa nusu, stika inaning'inia chini ya mpini. Ulikuwa hujamaliza, Bwana Murunga?"

Murunga aliketi juu ya gunia.

"Nani alikufundisha?" Linah aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

"Hakuna mtu." Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Nilikuwa karani wa stoo kwa kambi ya barabara. Nilikuwa nasoma mifuko ya simiti. Neno moja kwa siku, nalichora mchangani kwa kijiti. Mzee mmoja Mchina aliniona, akawa ananirekebisha. Mwishowe nilikuwa napokea mzigo bila mkalimani."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Linah alimwangalia mtu huyo. Asubuhi nzima ilikuwa imemchukua kupata maneno mawili, akiwa na mwalimu, meza na chai. Huyu aliyatoa mamia mchangani.

"Ungekuwa na darasa," alisema. "Watu wangelipia kukaa mbele yako. Badala yake umechukua kitu kizuri namna hiyo ukafichia dawa iliyokosa wanunuzi, na mzee wa watu analala kwa simiti. Simama."

"Inspekta, sisi ni watu wa kabila moja..."

"Viazi vilivyokauka ni vya watu pia. Mikono."

Joy alimfunga pingu.

*

Kiprono alitazama picha zote kwenye simu, akarudi ya kwanza, akazitazama tena. Kisha akaigeuza ile kadi mkononi, huku na huku.

"Hii ni kazi, Kageha. Sitasema si kazi." Alishusha sauti, kwa sababu Virginia alikuwa kwenye benchi la ukumbini. "Murunga abaki ndani. Lakini Kinuthia naye akae mpaka Jumatatu, korti iamue. Tukimtoa leo halafu mambo yageuke, nani ataulizwa?"

"Na mkutano wa jioni?"

"Nitawaambia tuna watu wawili."

"Watasikia mmoja. Yule wanayemjua. Kesho duka litakuwa majivu tena, na Jumatatu utamwachilia mtu asiye na mahali pa kwenda."

"Nimekuuliza, Inspekta. Nani ataulizwa?"

Linah alivuta fomu ya dhamana ya kituo kutoka droo, akaandika jina la Kinuthia, akaandika lake chini, mahali pa afisa, na kusaini kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi.

"Mimi," alisema.

Kiprono alimsukumia funguo.

Mzee Kinuthia alisikia kufuli na kusimama, akikung'uta koti. Mkewe alikuwa ameshafika nyuma ya Linah.

"Twende, Mzee," Linah alisema. "Gari liko nje. Tunaenda Burnt Forest, sisi watatu na kidumu kimoja cha magugu, na utasimama mbele ya wateja wako uwasomee."

"Mimi? Nisome nini, madam? Mimi sijui."

"Toa kanisa lako."

Alilitoa kutoka mfuko wa ndani. Linah alimshika mkono na kumgeuzia kadi, majani yakaja juu.

"Hayo ni majani. Chini yake jua. Chini ya jua, msalaba. Yote pamoja: magugu. Rudia mpaka tufike," alisema, na kuwafungulia mlango.